Maji ya mto Kawa yananuka hata baada ya kuchemsha

Mama wa Kadutu
Habari zenu. Hapa Bukavu robine (bomba la maji) ya kwetu imekauka tangu wiki nyingi, watoto wanachota Kawa, upande wa juu. Bidoni naiacha itulie usiku kucha, asubuhi nachuja kwa kitambaa, nachemsha. Bado yananuka matope yaliyooza, na ulimini yanaacha kitu kama sabuni. Nikitia klorini ndiyo yanaharibika kabisa. Nifanye nini?

Fundi wa Panzi
Pole mama. Moto unaua vijidudu, lakini harufu nyingi inabaki palepale. Mitaro inaingiza Kawa maji ya sabuni, ya vyoo na taka za soko, na klorini ikikutana na uchafu huo inaleta ile ladha ya dawa unayoisikia. Uchafu utoke kwanza, klorini ije mwisho.

Mimi nimepanga ndoo mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu nimeitoboa matundu madogo kwenye kitako. Ndani yake, chini changarawe, katikati makala yaliyopondwa hadi punje za mchele, juu mchanga uliooshwa mpaka maji yake yawe meupe. Makala ni haya haya ya kupikia, ila yaoshe sana vumbi jeusi liishe. Maji yapite polepole. Yakikimbia, makala hayashiki harufu. Harufu ikirudi, makala yatupe uweke mapya. Kama maji yananuka yai bovu, yamimine kutoka ndoo hadi ndoo mara kadhaa yapate hewa. Ndipo uchemshe.

Muuguzi wa Bagira
Mama, tafadhali usije ukaruka huko kuchemsha kwa sababu harufu imeisha. Makala hayazuii kipindupindu, na chujio lililokaa muda mrefu linazalisha vijidudu lenyewe. Hapa Bukavu, yakitokota kwa nguvu dakika 1 yanatosha. Yahifadhi kwenye bidoni safi yenye kifuniko. Yakinuka petroli au mafuta yakielea juu, hayo yaache kabisa, chujio la ndoo haliyawezi.

Mama wa Kadutu
Asanteni sana. Makala ninayo, ndoo nitaomba kwa jirani. Na ya mvua je?

Fundi wa Panzi
Mvua ikinyesha, achana na Kawa. Kwetu inaanza Septemba mpaka Mei, ni miezi mingi. Yale ya kwanza yaache yaoshe mabati, kisha utege bidoni. Nayo yachemshe, ila makala huenda usiyahitaji.