Pawa saplai ya kompyuta ya mezani: Bronze ya wati 550 pamoja na UPS, au Gold ya wati 650 peke yake?

kamera_kwerekwe
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina kompyuta ya mezani ninayohariria video za harusi: prosesa i5-12400F, kadi RTX 3060. Pawa saplai, kile kifaa kinachoigawia mashine umeme, ilikuja na kasha lenyewe, haina jina la maana, imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Taa zikififia kidogo tu, mashine inajizima katikati ya kazi. Hapa mjini nimepata tatu: nyingine ya rahisi kama hii lakini 600W; Corsair CX550 ya Bronze (daraja la ufanisi wa umeme, chini ya Gold); na Seasonic Focus GX-650 ya Gold, bei karibu mara mbili ya CX. Nikijikaza ya Gold naiweza, ila hapo UPS (betri ya kushikia mashine umeme ukikatika) itangoja mpaka Shawwal, harusi zikianza tena. Nyinyi mungenunua ipi?

fundi_darajani
Waalaykumu salaam kaka. Ile ya 600W itoe kwenye hesabu kabisa. Fungua kasha usome kibandiko cha hiyo uliyonayo, safu ya +12V, kwa sababu prosesa na kadi zinakula humo. Zidisha ampia kwa 12. Pia utizame nyuma, kama pana swichi nyekundu ya 115/230.

kamera_kwerekwe
+12V imeandikwa ampia 17. Na swichi nyekundu ipo.

fundi_darajani
Basi jawabu unalo. 17 mara 12 ni wati 204. Kadi yako peke yake ni 170, na prosesa hiyo ikipanda inafika 117. Hizo wati nyingine za kwenye kibandiko wamezijumlisha kutoka 3.3V na 5V, ambazo mashine za sasa hazizitumii sana. Inafanya kazi bila akiba yoyote, na umeme ukishuka kidogo inaanguka.

Swichi nyekundu nayo ina maana yake. Pawa saplai ya namna hiyo inategemea umeme wa ukutani uwe karibu na 230V. CX na Focus zote mbili zinapokea kuanzia 100V mpaka 240V bila swichi. Kwa hiyo kule kufifia kwa taa kunakokuzimia mashine, yoyote kati ya hizo mbili itakustahamilia. Na hiyo swichi usiiguse: ukiitia 115 kwa umeme wetu, inaungua papo hapo.

bint_chake
Mimi ningekwenda na Gold. Focus ina dhamana ya miaka 10, CX miaka 5. Kapasita zake ni za Kijapani, na inapoteza umeme mchache kwa joto, jambo kubwa kwa chumba kisicho na kiyoyozi wakati wa kaskazi. Kitu cha miaka 10 hakinunuliwi kwa kubania.

fundi_darajani
Dada yangu, Focus ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini tuitizame hiyo Gold inapima nini. Alama ya 80 PLUS inapima ufanisi tu: kwa kipimo cha 115V, ikibeba nusu ya mzigo, Bronze ni 85% na Gold ni 90%. Tuseme mashine inakula wati 300. Bronze inavuta ukutani 353, Gold 333. Tofauti ni wati 20. Akihariri saa nne kila siku, kwa mwezi ni uniti mbili na nusu hivi za TUKUZA (umeme wetu wa kulipia kabla). Kwa tofauti hiyo ya bei, pesa yake hairudi upesi.

Na dhamana, muulize muuzaji: ikifa, nani anaipokea hapa Unguja? Kama jawabu ni kuipeleka Dar kwa boti au kuirudisha Dubai, ile miaka 10 inapungua thamani.

mwalimu_wete
Naingia kwa upande wa UPS, maana hapo ndipo suala lilipo. Hakuna pawa saplai, hata ya daraja la Titanium lililo juu ya Gold, itakayokushikia umeme ukikatika. Kapasita kubwa ya ndani inashika kama milisekunde 16, haifiki hata mzunguko mmoja wa umeme wa 50 Hz, ambao ni 20. Muda huo umewekwa ili UPS iwahi kushika, na UPS nzuri inashika ndani ya milisekunde 10.

Kwetu Pemba, kabla ya kebo ya baharini kutoka Tanga mwaka 2010, tulikuwa tunategemea majenereta, na nidhamu ya UPS tumeipata huko. Hata leo maabara ya skuli hatuwashi mashine bila UPS.

Ila usichukue ya 650 VA. VA, kipimo kinachoandikwa kwenye UPS, si wati. Nyingi za ukubwa huo hazifiki wati 400, na wewe ukiweka na skrini utazigusa. Tafuta yenye wati 600 zilizoandikwa. Na muulize muuzaji kama umeme inaoutoa ni wa wimbi safi, laini kama wa ukutani, au wa wimbi la ngazi-ngazi. Pawa saplai hizi za kisasa zina saketi ya kusahihisha mkondo, na baadhi yake zikipewa wimbi la ngazi wakati zimebeba mzigo mkubwa huzima hapo hapo.

bint_chake
Kwa hoja ya UPS nakubaliana na mwalimu. Kama bajeti ni moja, CX na UPS sasa. Angekuwa na UPS tayari, ningebaki na Gold.

kamera_kwerekwe
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nitachukua CX550 na UPS ya wimbi safi. 550 haitakuwa ndogo kwa RTX 3060?

fundi_darajani
Hapana. NVIDIA wenyewe wanapendekeza 550 kwa kadi hiyo. Ukija kupanda kadi kubwa zaidi, tutazungumza upya.

Kabla ya kufunga, mwite fundi wa umeme apime ethi (waya wa ardhini) ya plagi yako. Nyumba nyingi za zamani mjini zina tundu la tatu lisilo na waya nyuma yake. Mashine iweke mbali na dirisha la upande wa bahari, maana vumbi likichanganyika na chumvi linavuta unyevu na kula vyuma vya ndani.

mwalimu_wete
Na siku ukibadilisha kwenda pawa saplai yenye waya za kuchomoka, usitumie waya za ile ya zamani hata kama plagi inaingia. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana baina ya kampuni na kampuni, na mara nyingine baina ya toleo na toleo. Diski zinaungua kwa sababu hiyo.