Betri chini ya kitanda cha Bibi

*Kikundi: Ukoo wa Muheza. Ijumaa*

Mwanaidi 13:22
Shikamooni wakubwa. Chumbani kwa Bibi kunanuka mayai viza tangu saa nne asubuhi. Nikadhani kuku katagia uvunguni, nimeinama na tochi sioni yai. Kuna betri za Ba'mdogo tu.

Shangazi Zainabu 13:23
Marahaba. Betri uvunguni mwa mama yangu???

Ba'mdogo Hamisi 13:25
Ndiyo natoka msikitini. Ni za sola, nimefunga Jumapili. Chumba kile kikavu, na hakuna mwizi atakayethubutu kumpita Bibi.

Idrisa (Arusha) 13:25
Mwanaidi, mtoe Bibi akakae barazani SASA HIVI. Fungua madirisha na mlango. Taa ya humo usiiwashe wala usiizime, betri usiziguse. Kisha nenda ukumbini ushushe breka ya paneli.

Mwanaidi 13:29
Nimeshusha. Bibi katoka ananuna, alikuwa anapuliza makaa achome udi kufukuza harufu 🙈

Idrisa 13:29
Makaa yabaki hukohuko nje!! Betri ya maji ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni. Ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kulipuka. Na haidrojeni yenyewe hainuki, hayo mayai viza ni gesi nyingine ya salfa, nayo ni sumu.

Shangazi Zainabu 13:31
Hamisi.

Shangazi Zainabu 13:31
Hamisi unasoma?

Ba'mdogo Hamisi 13:32
Nasoma dada. Niko kwenye bodaboda.

Idrisa 13:33
Umeziungaje, Ba'mdogo?

Ba'mdogo Hamisi 13:50
Nimefika. Ziko nne, kila moja 12V 200Ah. Mbili mbili kwa mfululizo, halafu jozi zote sambamba, napata 24V. Jozi ya ukutani imechemka, mkono haukai. Moja ubavu umefura.

Idrisa 13:52
Zima inveta, uziache zipoe. Zikipoa anza kufungua hasi, na spana uizungushie tepu mpini wote. Ikigusa chanya na hasi kwa pamoja utaona radi ya mchana. Kisha pima moja moja.

Ba'mdogo Hamisi 16:08
12.8, 12.8, 12.9, na hii iliyofura 10.6

Idrisa 16:11
Hapo hapo. Betri ya 12V ina vyumba 6, kila kimoja kama volti 2.1. Toa chumba kimoja kwenye 12.7, unabaki na 10.6. Kimekufa. Kontrola inayosimamia chaji ya sola haijui, inasukuma 28.8V ikidhani jozi ina vyumba 12, kumbe viko 11. Kila kimoja kinapata 2.6 badala ya 2.4. Ndiyo maana na mwenzake mzima kachemka, kabebeshwa mzigo wa marehemu.

Idrisa 16:12
Zote nne ulinunua siku moja?

Ba'mdogo Hamisi 16:19
Tatu.

Shangazi Zainabu 16:19
Na ya nne?

Ba'mdogo Hamisi 16:24
Ya nne ilikuwa kwenye lile Fuso bovu. Lakini ilikuwa inashika chaji vizuri tu!

Shangazi Zainabu 16:24
😂😂😂 Ya Rabi

Idrisa 16:30
Kuukuu na mpya hazichanganywi, Ba'mdogo, kuukuu huzivuta mpya kaburini. Rudisha ile jozi isiyochemka peke yake. Hiyo ni uniti 4.8, ila ukizishusha chini ya nusu zinakufa mapema, kwa hiyo hesabu 2.4 kwa usiku. Ile mpya iliyochemka iongeze maji ya betri (si asidi) kama yameshuka, tutaipima tena wiki ijayo.

Ba'mdogo Hamisi 16:33
Niziweke wapi sasa? Nje jua litazimaliza.

Idrisa 16:36
Stoo ya koridoni. Ila toboa tundu juu kabisa karibu na dari, haidrojeni hupanda, na jingine chini hewa iingie. Zikae juu ya mbao. Fyuzi ya 125A iwe karibu kabisa na chanya. Inveta ya wati 2000 kwa 24V inavuta zaidi ya ampea 83, usiniwekee waya wa taa, tafuta wa milimita 35 za mraba. Na breka iwe ya DC, yaani ya umeme wa betri. Ya nyumbani cheche za DC haiwezi kuzikata.

Binamu Sele 16:41
Si mnunue lithiamu yaishe?

Idrisa 16:43
Ukichanga sawa. Seli 8 za 3.2V 280Ah ni kama uniti 7, haitaki maji wala hainuki. Lakini nayo chumba cha kulala hapana.

Binamu Sele 16:44
*emoji ya kuondoka kimyakimya* 🚶

Shangazi Zainabu 16:46
Hilo betri la Fuso kuna kijana wa vyuma chakavu hununua.

Idrisa 16:47
Auziwe likiwa zima na asidi yake. Asimwage kwenye migomba.

Mwanaidi 17:35
Bibi anauliza, udi achome sasa?

Idrisa 17:35
Betri zimeshatoka zote?

Mwanaidi 17:36
Ya tatu ndiyo inavuka kizingiti. Ba'mdogo kaiweka chini anahema, Bibi anamwambia asiikwaruze sakafu.