Mwalimu ana CBA (mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri), daktari ana CBA, konstebo ana ahadi tu!

Jameni, nimechoka kusikia polisi wa Kenya "wameongezewa" mshahara kana kwamba wamepewa sadaka. Mwalimu akiongezewa, ni kwa sababu vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, vimeketi na mwajiri wao TSC, wakavutana, wakatia sahihi mkataba wa CBA. Mwajiri akikwepa, karatasi ipo. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, mkataba wao wa 2017 mkononi.

Konstebo yeye ana ripoti. Jopo la mageuzi ya polisi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilipendekeza aongezewe asilimia 40, halafu nyongeza yenyewe ikagawanywa kwa awamu za miaka mitatu kuanzia Julai 2024. Pendekezo si mkataba! Awamu ikicheleweshwa, afande atamshtaki nani, na kwa karatasi gani?

Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Ukirudi kifungu cha 24, Bunge linaruhusiwa kuwabana polisi katika haki hiyohiyo, na sheria ya polisi ya 2011 ikawabana. Kwa hivyo bima, nyumba na marupurupu ya mazingira magumu yote yanaamuliwa na watu ambao hawajalala kambini Mandera hata usiku mmoja. Uhuru Kenyatta alipotangaza 2018 kwamba polisi watoke laini (nyumba za kambi ya polisi) wakapange mitaani kwa marupurupu ya nyumba, konstebo wa Nairobi alikuwa na msemaji gani wa kuuliza kama pesa hizo zinatosha kodi?

Najua mtakuja na lile jibu la kila siku: wenye bunduki hawawezi kuruhusiwa kugoma. Nani ametaja mgomo? Afrika Kusini polisi hawaruhusiwi kugoma, lakini vyama vyao, POPCRU na SAPU, vinakaa kwenye baraza la majadiliano na serikali, na wasipokubaliana kuna msuluhishi. Uingereza polisi wana shirikisho lao tangu 1919, nalo pia halina haki ya kugoma. Kujadiliana ni kitu kimoja, kugoma ni kingine, na wakubwa wetu wanavichanganya makusudi.

Na msiniletee habari ya hongo barabarani. Anayekula hongo ashtakiwe. Hiyo si sababu ya kumnyima mwenzake wa Baringo mtu wa kumsemea.

Mbunge gani yuko tayari kupeleka mswada wa kuwapa polisi chama cha kuwajadilia? Mtajeni hapa tumpigie simu.