Mjadala: Aladini wa panto ya kijijini aendelee kuwa "Mchina"?

Wakuu, salaam. Ninaishi kijijini huku kusini-magharibi mwa Uingereza, mahali ambapo ukikosa basi la asubuhi unasubiri la jioni. Kila Januari kikundi cha maigizo cha hapa huonyesha panto kwenye ukumbi wa kijiji. Hakuna anayelipwa: yumo mwenye bucha, muuguzi mstaafu, mkulima mmoja wa ng'ombe na watoto wa shule. Mimi ndiye fundi cherehani wao, huu mwaka wa nne.

Kwa asiyeijua, panto ni hekaya ya watoto iliyochanganywa na nyimbo, vichekesho na umbea wa kijiji. Bibi mzima huigizwa na mwanamume aliyejaziwa sponji kifuani. Kijana shujaa, mara nyingi, huigizwa na binti. Mwovu huingilia kushoto mwa jukwaa, mwema kulia. Na watazamaji hawanyamazi. Mwovu akinyemelea, ukumbi mzima unapiga kelele: "Yuko nyuma yako!" Siku ya kwanza kuisikia nilimkumbuka bibi yangu wa Pangani. Paukwa yake bila pakawa yetu hadithi haikuanza.

Sasa ugomvi. Safari hii imechaguliwa Aladini, ambaye kwenye panto huwa Mchina. Nilifungua kabati la mavazi nikakuta mfuko wenye kofia za ukindu zenye ncha, kila moja imeshonewa nyuma msuko mrefu wa sufu nyeusi. Chini yake kuna kopo la rangi ya uso ya manjano, limekauka. Nikaupeleka kikaoni. Nusu wakasema tuutupe, nusu wakasema hiyo ni jadi. Mmoja akashauri tukimbilie Cinderella, yaishe. Kisha mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, akamgeukia mume wangu: "Wewe Abanazar ungekufaa sana." Abanazar ndiye mchawi. Mume wangu, mtu wa Bukoba ambaye hata harusini hainuki kitini, akasema atafikiria.

Msimamo wangu: Aladini abaki, misuko itupwe. Hiyo jadi yenyewe tuitazame. Hekaya hii ilisimuliwa Paris mwaka 1709 na Hanna Diyab, Msiria wa Halabi (Aleppo), akimsimulia Mfaransa Antoine Galland aliyekuwa akitafsiri Alfu Lela Ulela. Ndani yake inasemwa ni China, lakini mfalme ni sultani na binti yake ni Badrulbudur! Hiyo China ni "nchi ya mbali" tu, kama sisi tunavyosema hapo zamani za kale. Jina la mama yake Aladini, Twankey, yule dobi wa kwenye panto, lilizuka London mwaka 1861, H. J. Byron alipoandika Aladini wa ukumbi wa Strand. Lilikuwa jina la chai ya kijani. Kwa hiyo wazee wetu wanaapa kwa utani wa majani ya chai, na utani wenyewe ulikuwa mpya siku ulipotoka. Mwaka jana tulicheka mashimo ya barabara ya kwenda shuleni. Mwaka juzi hayakuwamo mchezoni. Kwa nini basi duka la udobi la Twankey lisiwe hapahapa, pembeni ya kituo cha basi?

Ila kuna jambo linanikera zaidi. Kwa Galland, yule mchawi anaitwa mchawi wa Kiafrika. Kikao kizima kilijadili Uchina. La Afrika halikuguswa na yeyote, na mimi mwenyewe nilikumbuka niko njiani narudi nyumbani. Naomba kuwasilisha.

Mwana wa Mombasa, Leicester: Dada, mcheza kwao hutunzwa, nawe huko si kwenu. Shona nguo, kunywa chai, nenda kalale. Wakisema fundi mgeni kawaharibia mchezo wao, utamlilia nani?

Mwanzisha mada: Kaka, gauni la Twankey limekula mita sita za kitambaa na wikiendi zangu tatu. Mkulima anayelivaa anavaa kiatu namba 46 na mabega yake hayapiti mlango wa nyuma, nimelishona upya mara mbili. Kama hapa si kwetu, basi sijui kwetu ni wapi.

Ustadhi wa Unguja: Mnagombania kofia, mwanamume kavaa gauni mbele ya watoto mmenyamaza?

Mwanzisha mada: Ustadhi, shikamoo. Mtoto wa miaka minne hapa anajua ni yule mkulima, na ndiyo maana anacheka. Dan Leno, mchekeshaji wa zamani, alivaa hivyo mara nyingi kwenye panto za ukumbi wa Drury Lane, London, tangu 1888. Hilo nakuachia, tutatofautiana kwa amani.

Mwalimu wa sanaa, Dodoma: Mwanangu, umeusoma mkataba? Mswada wa mchezo hukodiwa kwa mwenyewe. Ukibadili majina au mandhari bila idhini yake umevunja masharti, hata kama una haki. Muandikieni kwanza. Na msiseme "tutaonyesha heshima", hilo halina maana jukwaani. Mwambieni ukurasa gani, mstari gani.

Mwanzisha mada: Ahsante kwa ushauri, mwalimu. Sikuwa nimeusoma. Katibu ameandika, na jibu limekuja: polisi wa Peking (Beijing) waliomo mchezoni wanaweza kuwa polisi wa kijiji, yale maneno ya lafudhi ya kubeza yatoke, Twankey abaki Twankey. Kofia nimezifumua. Ukindu wake ni mzuri, nafanya vikapu vya dobi.

Mwana wa Mombasa, Leicester: Na shemeji? Kakataa uchawi?

Mwanzisha mada: Ndilo lililonishinda. Nilishaandaa hotuba ya kumtetea kikaoni Alhamisi, kumbe mwenyewe anaitaka nafasi. Anafanya mazoezi ya kicheko cha Abanazar bafuni, majirani wameshauliza kama yuko salama. Anasema miaka yote kijiji kimemtazama bure. Safari hii wamkodolee macho na kumzomea, lakini wakate tiketi kwanza.