Jamaa ya Katuba: bintu (vitu) ya Clarisse tutaweka wapi?

Clarisse: Jamaa yote, habari ya asubuhi. Visa ya bwana yangu Hervé imetoka, na yetu na batoto pia 🙏 Tunaenda Liège, Ubelgiji, mwanzo wa mwezi wa 9, doktora yake ni miaka 4. Bayeri (mwenye nyumba) wa hapa Bel-Air, Lubumbashi, anataka nyumba yake mwisho wa mwezi wa 8. Sasa bintu ya nyumba muzima tutaweka wapi? Naomba mawazo yenu.

Mama Odette: Mungu ashukuriwe sana. Leteni hapa Katuba. Anekse, ile nyumba ndogo, iko bure tangu Willy aende Kolwezi.

Trésor: Felisitasio Ya (dada) Clarisse 🙌🙌 Tele (televizio) miye nitachunga

Tantine Béa: Weye Trésor nyamaza kwanza.

Trésor: Tantine nimesema kuchunga, sikusema kubeba 😂

Willy: Hongera mudogo. Mama, ile anekse manjanja (mabati) inavuja pale juu ya dirisha. Mvua ya mwezi wa 11 ikikolea, ata matela (godoro) yake mutaikamua kama nguo.

Mama Odette: Tulipaka gudroni (lami).

Willy: Mama, ile gudroni ni ya wakati miye nalala humo.

Mama Odette: 🙄

Tonton Faustin: Wanangu, nawasalimu. Pongezi kwa Hervé, doktora si mchezo. Clarisse, kabla ya kuuliza vitu vitakaa wapi, jiulize vipi vinastahili kukaa. Miaka 4 si likizo. Kabati yako ya tripleksi ukiiweka chini katika udongo huu wetu, mchwa watakuwa wameimaliza Hervé hajafanya hata mtihani mmoja. Unaviona vichuguu vya njia ya Kipushi vinavyopita paa la nyumba? Wenyewe ni hao hao, tumewakuta hapa na watatuzika hapa. Ile bufe ya vyombo, ya mbao ya mulombwa, aliyoacha babu yenu, hiyo ndiyo ya kuhifadhi. Moyo wa mulombwa mchwa hawauwezi, ila ule mbao mweupe wa pembeni wanautafuna vizuri tu. Kwa hiyo iinueni juu ya matofali, isiguse ukuta, mkono upite nyuma. Mchwa akitaka kupanda, lazima ajenge kanjia kake ka udongo juu ya tofali. Mwenye macho atakaona, atakavunja, ataweka dawa. Ikigusa ukuta, anapanda kwa siri na mtajua siku mlango wa bufe unabaki mkononi.

Mama Odette: Miye niko na macho, Faustin.

Tonton Faustin: Najua, dada. Ndiyo maana nimeisema bufe, sikusema kabati.

Clarisse: Aksanti Tonton. Na tukipeleka yote kwa konteneri? Hervé anasema tukihama kweli kweli, kule Ulaya hatulipi ushuru.

Nadège (Bruxelles): Ya Clarisse hongera!!! Ushuru ni kweli, Hervé hajadanganya. Kama umeishi nje ya Umoja wa Ulaya miezi 12 bila kukatisha, na kitu chako umekitumia miezi 6 au zaidi, kinaingia bila ushuru. Lakini ushuru si njo tatizo. Tatizo ni njia. Kutoka Lushi lori ipite mupaka wa Kasumbalesa, ikate Zambia, ifike Dar ao Durban, njo ipande meli. Halafu munafika Liège, apartema iko na vyumba viwili, na mulango wa lifti canapé (kochi) yako haipiti. Hapa canapé watu wanaiweka njiani bure, weye unachagua rangi.

Tantine Béa: Hiyo ya Kasumbalesa uniulize miye. Foleni ya malori munaijua. Sahau konteneri.

Tantine Béa: Na depo (ghala) ya kukodi vile vile sahau. Chukua ata chumba kidogo cha dola 50 kwa mwezi: miaka 4 ni dola 2,400. Viti vya salone yako yote leo nani atakupa 2,400? Utalipia bintu mara mbili na mwisho utarudia kununua ingine.

Clarisse: Tantine inauma. Ile salone tuliinunua pole pole, kiti moja moja.

Tantine Béa: Najua mwanangu. Uza tu hivyo. Na anza sasa, usingoje mwezi wa 8. Watu wakisikia uko na tiketi mufukoni, bei wanasema wao. Na ile garanti ya nyumba, dola muliweka kwa bayeri wakati wa kuingia?

Clarisse: Tulilipa miezi 6.

Tonton Faustin: Sheria ya 2015 inasema kwa nyumba ya kuishi isizidi miezi 3.

Tantine Béa: Faustin, sheria iko Kinshasa, bayeri iko Bel-Air 😅 Clarisse, kuleni garanti. Miezi ya mwisho musilipe, mumwambie mbele na mwandikiane. Ukimungojea akurudishie dola siku ya kutoka, utasikia mara rangi ya ukuta, mara robine.

Nadège (Bruxelles): Naongeza moja nisikike vizuri. Wakati miye natoka, niliacha kila kitu kwa mtu wa karibu. Sitaji jina, hayuko kwenye kikundi hii. Niliporudi kwa matanga ya papa, nikakaribishwa kwenye kiti yangu kama mugeni. Chai ikaletwa ndani ya vikombe vyangu vya ndoa, vile vilibaki. Sikukasirikia vikombe, kikombe ni cha kunywea. Iliniuma ile ya miaka yote kuniambia kwa simu "bintu yako iko salama, tunachunga." Ya Clarisse, chochote utaacha kwa familia kitatumika. Basi sema mbele, hapa hapa, mbele ya bote: frigo Mama atumie, ikikufa imekufa, hakuna deni. Bufe haiguswi. Ukisema hivyo hautagombana na mutu siku utarudi.

Mama Odette: Nadège mwanangu, huyo mutu namujua.

Nadège (Bruxelles): Mama mukubwa tuache 😂😂

Clarisse: Nadège umenigusa. Sawa. Frigo ni ya Mama, atumie.

Willy: Na njo vizuri kwa frigo yenyewe. Frigo ikilala miaka, mipira ya mulango inakauka na motere inachoka bure. Ila Mama, bila stabilizateri usiichomeke. Umeme ya SNEL ukirudi kisha delestaji (kukatwa umeme) unarudi na hasira. Siku ya kuihamisha ibebwe imesimama, na ikifika muiache itulie masaa kadhaa kabla ya kuwasha.

Clarisse: Na kongelateri (friza)? Mama hana nafasi ya mbili.

Willy: Uza. Kama hapana mununuzi, osha na maji ya bikarbonate, kausha kabisa, na mulango ubaki wazi, ukiingiza kipande cha mbao. Ukifunga, utafungua kuvu na harufu ya mwaka muzima. Na muigeuze mulango uangalie ukuta, kwa sababu ya batoto ya parseli (kiwanja), mutoto asiingie kujificha. Jenereta: mumwage esanse (petroli) yote, halafu muiwashe mupaka ijizime yenyewe, karbirateri ibaki kavu. Esanse ikilala humo inageuka gundi. Batri ya gari na za inverteri usiweke, uza kesho.

Trésor: Rimoti mutoe pile (betri) pia, inavuja inakula fera (chuma)

Willy: Kumbe uko na akili.

Trésor: Juu rimoti ni ya tele yangu 😌

Clarisse: Trésor!!

Mama Odette: Sasa sufuria? Ile kubwa ya bukari (ugali) musiuze. Kila matanga ya hapa ni ile sufuria tunaenda kuomba kwenu.

Clarisse: Sufuria na mwiko wake ni yako Mama. Sahani pia. Matela ya batoto natoa kwa jirani, yetu naleta, ila nitaianika jua siku nzima na kuifunika na shuka. Tonton, plastiki si muzuri?

Tonton Faustin: Plastiki inashika jasho la ukuta. Shuka la pamba ni bora, na matela isimame ubavuni, isikunjwe. Nguo nzito ziwekeni na naftalini ndani ya sanduku la chuma. Na Clarisse, nisikilize hapa: karatasi ya parseli yenu ya Kasapa, diplomu, cheti cha ndoa, visilale na masufuria. Diplomu mwende nazo, Hervé atazihitaji huko. Sertifika ya parseli asili ibaki kwa mtu mmoja anayejulikana, kopi mbele ya notari muende nayo, na prokurasio (karatasi ya kumpa mtu mamlaka) mmwandikie mtu kabla ya kupanda ndege. Kutoka Liège itakuwa kazi. Parseli tupu bila mtu ina majirani wenye njaa.

Clarisse: Hervé anasema prokurasio ni kwa Tantine Béa.

Tantine Béa: Nakubali. Na mutu apande ata mihogo pale. Shamba linaonekana liko na mwenyewe.

Mama Odette: Miye nitapanda.

Clarisse: Basi ninaandika ili ibaki. Kwa Mama kutumia: frigo, sufuria, sahani. Kukaa anekse bila kuguswa: bufe ya babu, matela, sanduku ya nguo, vitabu vya Hervé. Jenereta kwa Ya Willy. Kuuza: salone, kabati, kongelateri, batri. Picha ya kila kintu natuma jioni.

Trésor: Ya Clarisse umesahau tele kwa liste

Tantine Béa: Hakusahau.

Tonton Faustin: Jumamosi naweza kuja na pikap, saa mbili asubuhi. Bufe nitaibeba mwenyewe na Willy, watu wengine wasiiguse.

Willy: Jumamosi niko. Lakini Tonton, hatuingizi bufe ya babu chini ya ile manjanja. Tunabadilisha ishirini zile za upande wa dirisha, na mbao mbili zimeoza.

Mama Odette: Na nani atalipa hiyo manjanja?

Willy: Bei ya tele inatosha.

Trésor: YA WILLY

Tantine Béa: Nina mununuzi, yuko Ruashi. Clarisse tuma picha yake ya kwanza.