Pilipili hoho kwenye ndoo: mizizi imegeuka kahawia, majani yanalegea mchana

NdooMbili

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijang'oa kila kitu.

Nalima hoho kwenye maji ya mbolea, bila udongo. Nina ndoo 2 nyeupe za lita 20, zilizokuwa na rangi ya ukuta, kila moja ina maji lita 15. Kifuniko nimekitoboa na kukalisha kikombe cha matundu cha sentimita 15 chenye kokoto za udongo wa kuchoma. Pampu ya hewa ni moja, lita 2 kwa dakika, mpira umegawanywa kwa kiungo cha T kwenda kwenye jiwe la mapovu la kila ndoo. Taa ni LED ya wati 100 juu ya eneo la sentimita 60 kwa 60, inawaka saa 18 kwa siku. Chumba kina nyuzi 29, maji nyuzi 27. pH (kipimo cha uchachu wa maji) ni 6.0. Mbolea nimeipandisha hadi ppm (sehemu kwa milioni) 1,400 kama mwongozo ulivyosema.

Hoho zina wiki ya 6. Kila mchana majani yanalegea, taa ikizima yanasimama tena. Mizizi ilikuwa myeupe, sasa ni kahawia, inateleza, na ndoo moja inanuka kama mtaro. Kuta za ndani zina ukijani. Nilidhani ni njaa nikaongeza mbolea, ndiyo kwanza hali ikaharibika zaidi.

Nianze na lipi: mbolea, joto au pampu?

---

MajiBaridi

Anza na hewa ndani ya maji, mkuu. Joto na pampu vyote vinaishia hapo hapo.

Kwanza hakikisha ni ugonjwa kweli, maana ukahawia peke yake hausemi kitu. Mbolea nyingine hupaka mizizi rangi ya chai na mmea ukawa mzima kabisa. Shika mzizi mmoja kwa vidole viwili uuvute taratibu. Ganda la nje likivuka kama soksi na kubaki uzi mwembamba katikati, hilo ni oza la Pythium, kijidudu kinachofanana na kuvu. Mzizi ukibaki mgumu na hauna harufu, hayo ni madoa tu, uache.

Kuhusu kulegea huku mizizi imezama: mzizi unahitaji oksijeni ili uweze kunyonya maji. Ukikosa hewa, mmea unakufa kiu ndani ya ndoo iliyojaa. Maji safi ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kadiri maji yanavyopata joto mizizi inapumua kwa kasi zaidi na vijidudu vya kuoza vinazaliana haraka, kwa hiyo matumizi yanapanda wakati akiba inashuka. Lenga nyuzi 18 hadi 22. Ukivuka 24 unacheza kamari.

Pampu yako ni ndogo. Kadirio linalofanya kazi ni nusu lita ya hewa kwa dakika kwa kila lita 4 za maji, yaani karibu lita 2 kwa kila ndoo. Wewe una lita 2 kwa zote mbili. Halafu hicho kiungo cha T bila koki kina hila yake: hewa hufuata njia nyepesi, kwa hiyo jiwe lililoziba kidogo au lililokaa chini zaidi linapata mabaki. Sina shaka ndoo inayonuka ndiyo yenye mapovu machache. Weka koki ndogo kwenye kila tawi na usawazishe kwa macho, au tumia pampu mbili, ambayo ni salama zaidi kwa kuwa moja ikifa nyingine inabaki.

Angalia pia pampu imekaa wapi. Ikiwa juu karibu na taa, inavuta hewa ya moto na kuipuliza ndani ya maji siku nzima. Ishushe sakafuni. Ila ikikaa chini ya usawa wa maji lazima mpira uwe na vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yatarudi kupitia mpira hadi ndani ya pampu. Waya wa umeme nao uachie uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, ili matone yaishie kwenye kona ya waya yasifike kwenye plagi.

Kupoza: chupa ya lita 1 iliyojazwa asilimia 90 na kugandishwa inashusha lita 15 kwa karibu nyuzi 6, kisha joto linarudi baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo usitumbukize kubwa mara moja. Tumia za nusu lita, moja taa inapowaka na nyingine saa 5 au 6 baadaye, na kifuniko cha chupa kiwe kimefungwa vizuri. Nje ya ndoo paka rangi nyeusi kwanza kuzuia mwanga, kisha nyeupe juu yake kuzuia joto. Ndoo nyeupe tupu hupitisha mwanga. Mulika tochi kwa ndani chumba kikiwa giza utaona. Huo ukijani ni mwani, na ukifa unaoza na kula oksijeni ile ile.

---

KipimoKwanza

Nakubaliana na MajiBaridi kuhusu hewa, lakini ile ppm 1,400 msiipite hivi hivi.

Mita haipimi ppm. Inapima EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, halafu inazidisha. Mita nyingine huzidisha kwa 500, nyingine kwa 700. ppm 1,400 kwenye kipimo cha 700 ni EC 2.0, inayofaa hoho. Kwenye kipimo cha 500 ni EC 2.8, na hapo hoho yenye mizizi mgonjwa inaungua. Soma mgongo wa mita au bonyeza kitufe cha kubadili vipimo uone EC yenyewe. Kuanzia leo andika EC tu, achana na ppm.

Ukijua EC, ndoo inajisemea yenyewe. Maji yakipungua na EC ikapanda, mmea unakunywa maji na kuacha chumvi: punguza makali, jazia maji matupu. EC ikishuka pamoja na maji, mmea una njaa. Ikibaki pale pale, umepatia. Kuongeza mbolea kwa mmea unaolegea ni kosa la kawaida sana. Chumvi nje ya mzizi ikizidi, maji yanakuwa magumu zaidi kuingia.

Kwa mbolea ya unga ya 4-18-38 (namba za naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye madini madogo, lita 15 kwa nguvu kamili ni gramu 9 za hiyo, gramu 4.5 za chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) na gramu 9 za naitreti ya kalisiamu. Inatoa EC ya karibu 1.9 juu ya ile ya maji yako. Kwa mmea unaopona tumia nusu. Mpangilio una maana: yeyusha 4-18-38 kwenye maji mengi, kisha Epsom, na kalisiamu iyeyushwe chombo cha pembeni, iingie mwisho. Ukizichanganya zikiwa kali, kalisiamu inashikana na salfeti na fosfeti, unapata unga mweupe chini ya ndoo ambao mmea hauwezi kuula. pH rekebisha mwisho kabisa, kati ya 5.5 na 6.3. Siki usiitumie: pH inarudi juu ndani ya siku moja, na vijidudu wanaifanya chakula.

Na taa. Mwanga wa mimea huhesabiwa kwa moli za chembe za mwanga. Ikiwa ni LED nzuri ya maikromoli 2.5 kwa kila jouli ya umeme, wati 100 zinatoa maikromoli 250 kwa sekunde. Toa sehemu ya tano inayopotea pembeni, gawanya kwa mita za mraba 0.36, unapata karibu maikromoli 555 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Kwa saa 18 hiyo ni moli 36 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hoho inaridhika na 20 hadi 30. Punguza hadi saa 13, utabaki na moli 26 na kuondoa saa 5 za joto bila kununua chochote. Taa iwake usiku kukiwa na baridi, ikiwezekana.

---

NdooMbili

Asanteni sana. Mita ni ya 500, kwa hiyo nilikuwa 2.8. Ndoo ya kwanza ganda linavuka kama soksi, ya pili mizizi ni migumu ila ina rangi ya chai. Na kweli ya kwanza ndiyo yenye mapovu hafifu.

Naweza kumwaga haidrojeni peroksaidi nikaendelea na maji hayo hayo? Na hapa umeme unakatika mara kwa mara.

---

UziMweupe

Peroksaidi kwenye maji yale yale ni kupoteza dawa. Inaishia kupigana na uchafu kabla haijafika kwenye mzizi. Osha kwanza.

Shughulikia ndoo isiyo na ugonjwa kwanza, mgonjwa mwisho, na usitumie mkasi au mita bila kuisafisha katikati. Kwa ndoo mgonjwa: mwaga maji, kata mizizi yote iliyovuka ganda, suuza iliyobaki kwa maji ya vuguvugu kidogo. Ndoo, kikombe na mpira loweka dakika 10 kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, kisha suuza hadi harufu iishe. Kokoto zichemshe. Jiwe la mapovu litupe, vitundu vyake havisafishiki. Klorini na peroksaidi visikutane kwenye chombo kimoja.

Kama bado unataka peroksaidi, mililita 3 za ile ya asilimia 3 kwa kila lita ya maji mapya, na ujue inaisha nguvu siku hiyo hiyo. Inaua pia vijidudu rafiki. Ukiwa na dawa ya bakteria wa kulinda mizizi, chagua moja. Kutumia zote mbili ni kununua bakteria ili uwaue.

Ukikata mizizi, punguza na majani: toa karibu theluthi moja na matunda yote machanga. Inua taa kidogo.

Kuhusu umeme, shusha usawa wa maji. Mche mpya anahitaji maji yaguse sentimita 1 ya chini ya kikombe, lakini mizizi ikishatoka, acha nafasi ya sentimita 5 kati ya kikombe na maji. Mizizi ya juu itaota vinyweleo vya kupumulia hewani, na hiyo ndiyo akiba yako pampu ikinyamaza. Ukishaipata usijaze ndoo tena hadi juu, utaizamisha. Ndoo yenye maji ya nyuzi 27 na mizizi yote chini ya maji inaweza kuharibika ndani ya saa chache bila pampu. Ukikosa umeme kwa nusu siku mara nyingi, bora mfumo usio na pampu kabisa, maji yashuke polepole kadiri mmea unavyokunywa. Letusi unaupenda. Hoho nayo inawezekana, ila uwe na chombo kikubwa zaidi ya hicho.

---

MajiBaridi

Naongeza moja. Usiihukumu ndoo ya kwanza kwa majani. Yaliyoungua hayarudi kijani. Tazama chini ya kikombe siku ya 5 hadi ya 7. Ukiona ncha nyeupe mpya, endelea, na EC ipande kwa 0.2 kila siku 3 hadi 1.8. Usipoona hata moja, ng'oa na upande mche mwingine. Kuuguza mmea usio na mizizi mwezi mzima kunachelewa kuliko kuanza upya. Ile ya pili mizizi ni migumu, badilisha tu maji na upake ndoo rangi.