Kupanga kumenichosha: nyumba ndogo ya magurudumu, gari la kulala, au kontena?

Mchovu_wa_Kodi
Habari zenu wakuu. Mwenye nyumba amepandisha kodi tena, na safari hii amenipa hadi mwisho wa mwezi ujao niseme nabaki au nahama. Nikipiga hesabu, ninachomlipa kwa miaka michache tu kinatosha kumiliki kitu changu, hata kama ni kidogo. Nimeona nyumba ndogo ya mbao juu ya trela, inauzwa na mtu aliyekuwa anaikalia. Pia kuna basi dogo la paa refu ambalo ningelibadili liwe gari la kulala. Na jamaa yangu mmoja ananisukumia kontena la futi 20. Ipi ina nafuu? Naomba wenye uzoefu, si wa kusikia.

Kipanya
Nimekaa mkao wa kula. Ngoja wajuzi waje.

BiMaua
Mwanangu, umeuliza swali ukaficha nusu yake. Unaishi peke yako? Una kiwanja au utaegesha kwa watu? Kazi yako ni ya kwenda kila asubuhi au ya kwenye kompyuta? Huko uliko maji yanaganda usiku au mtu analala akitoka jasho? Leseni yako ya daraja gani? Bila hayo tutapiga ramli tu.

FundiMbao
Hata kabla hajajibu, mimi namwambia achukue ya trela. Nimezijenga na najua zilivyo. Ile ni nyumba kweli: fremu ya mbao, kihami joto ukutani, dirisha la kufunguka, mlango wa kufunga ukasikia umefunga. Gari la kulala ni kopo. Ukuta wake umepinda kila upande, huwezi kuweka kabati likakaa sawa bila kulichonga kufuata ubavu wa gari.

Ila aangalie vipimo. Barabarani trela ina mipaka: Marekani upana ni futi 8 na nusu, Ulaya ni mita 2.55. Toa unene wa kuta, ndani unabaki na kama mita 2.2. Kwa hiyo watu hujenga kwenda juu, wakaweka kitanda darini. Muuzaji atakuonyesha picha ya dari imetandikwa shuka nyeupe, inavutia. Wewe muulize: ukiketi kitandani kichwa kinagonga? Na darini kuna dirisha la kutokea moto ukiwaka chini? Jiko huwa liko chini ya ngazi au karibu nayo, na moshi unapanda.

Waya_Mwekundu
Fundi, na wewe kila uzi ni mbao. Faida kubwa ya gari la kulala ni moja: unawasha unaondoka. Jirani mkorofi, unaondoka. Kazi imehamia mji mwingine, unaondoka. Hiyo nyumba ya trela inataka gari lenye nguvu la kuivuta, na wengi wanaozinunua hawana. Wanaishia kukodi mtu wa kuihamisha, kisha haihami tena.

Umeme ndio watu wanakosea. Usinunue inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) kubwa kwa tamaa. Birika la wati 2,000 kwenye mfumo wa volti 12 linavuta zaidi ya ampea 160. Waya mwembamba hapo unageuka hita. Pika kwa gesi, umeme uuachie friji, taa, feni na kompyuta. Friji ndogo ya kompresa inakula kama wati-saa 400 hadi 600 kwa siku, na jua zuri kwenye paneli ya wati 200 linakaribia kuilisha. Betri chukua ya lithiamu chuma fosfeti (LiFePO4). Ya asidi ukiitumia zaidi ya nusu kila siku inazeeka haraka. Kasoro moja: hiyo lithiamu usiichaji ikiwa imeshuka chini ya nyuzi 0, inaharibika humo ndani bila wewe kuona kitu. Na fyuzi iwekwe karibu na betri, si kule mwisho wa waya.

Mstaafu_Hesabu
Vijana mnauza matumaini. Tuhesabu kwanza. Anachokikimbia ni kodi, lakini mwenye trela naye analipa: eneo la kuegesha, bima, maji, kutupa maji machafu, matairi yanayozeeka hata yasipotembea. Kama hana kiwanja, amebadilisha mwenye nyumba mmoja kwa mwingine anayeitwa mwenye uwanja. Huyu wa pili anaweza kumwambia ondoka kwa notisi fupi kuliko yule wa kwanza.

Tena thamani. Kinachopanda bei kwa kawaida ni ardhi. Bati, mbao na matairi vinashuka. Benki nyingi hazikiiti kitu hicho nyumba, zinakipa mkopo kama wa gari, muda mfupi na riba ya juu. Kama analipa taslimu, sawa. Kama anakopa, apige hesabu upya.

Kobe_Mzee
Naomba niseme la trela, maana jina hili nilipewa nikiwa naishi ndani yake.

Nilinunua ya tayari kutoka karakana moja, siitaji. Kwa macho ilikuwa safi: vanishi inang'aa, vishikizo vya shaba, hata kishubaka cha funguo. Karatasi zilitaja uzito ikiwa tupu. Siku ya kuhama ikavutwa na gari la mpwa wangu, mimi nimekaa pembeni yake. Tambarare ilituliza roho. Tukaingia kwenye mteremko, lori likatupita kwa kasi, upepo wake ukasukuma trela ubavuni. Mkia ukaanza kucheza. Kushoto, kulia, kila mzunguko ukizidi uliotangulia, hadi usukani ukawa unavutwa na kitu cha nyuma. Mpwa wangu, Mungu ampe heri, hakukanyaga breki. Aliachia mafuta, akashika usukani umenyooka, mwendo ukashuka wenyewe mpaka trela ikatulia. Angefunga breki ghafla kwenye mteremko ule tungepinduka.

Tuliposimama nilifungua mlango. Droo zote chini. Kioo cha dirisha la jikoni kina ufa wa kona hadi kona. Tukaipeleka mizani. Pale trela inapoegemea ndoano ya gari panatakiwa pabebe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, ndivyo Marekani wanavyofundisha. Yetu ilibeba kidogo sana, haikufika hata nusu ya hapo. Sababu? Karakana ilipanga tangi la maji, betri na jiko vyote nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu), kwa kuwa huko ndiko mabomba yalikokuwa mafupi. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi lilikuwa la lita 150. Nikawapigia. Wakaniambia barabara ndiyo mbaya.

Halafu ikaja misumari. Fremu ilipigwa misumari mitupu, haina skrubu wala vyuma vya kona, na nyumba inayotingishwa barabarani inaivuta kidogo kidogo. Kila tukihama nilikuwa nakuta vichwa vya misumari vimechungulia kwenye ubao wa ukutani, navirudisha kwa nyundo. Mleta mada, kabla hujalipa hata shilingi, ipeleke mizani ikiwa imejaa maji na vyombo. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Waya_Mwekundu
Mzee Kobe pole sana. Ndiyo maana nasema gari la kulala 😀

Kobe_Mzee
Gari la kulala nalo lina mizani yake, mwanangu. Leseni ya kawaida ya Ulaya inaishia kilo 3,500 za gari na kila kilichomo. Weka makabati ya plaiwudi, betri, tangi, watu wawili na nguo zao, uone zimebaki ngapi.

Mchovu_wa_Kodi
Asanteni sana, nimesoma yote. Bi Maua, shikamoo. Sina kiwanja, ila shemeji ana uwanja mkubwa nyuma ya nyumba yake. Baridi ipo lakini si ya kugandisha. Kazi ni ya kompyuta siku tatu kwa wiki. Tuko mimi na mke wangu, na binti yetu wa miaka minne. Urefu wangu ni mita 1.88.

FundiMbao
Mita 1.88! Na hilo ulikuwa unalisubirisha nini? Hiyo basi ya paa refu, ukishaweka sakafu na dari yenye kihami joto, baadhi zinabaki na mita 1.85 au pungufu. Hapo utaishi umeinama.

BiMaua
Marahaba. Mtoto wa miaka minne halafu umemtaja baada ya gari. Haya. Mkeo anasemaje? Na uwanja wa shemeji ni wa shemeji, siku mkikosana naye utalala wapi?

Mchovu_wa_Kodi
Mke anasema atakubali popote pasipo na choo cha ndoo.

Kipanya
Hapo sasa ndipo uzi ulipoanza.

Waya_Mwekundu
Mwambie mkeo, choo cha kaseti. Kinakaa kama lita 18 hadi 20, unavuta kaseti kwa nje kupitia kimlango, unaburuta kwa magurudumu yake kama sanduku la safari, unamwaga panapostahili. Hakuna anayegusa kitu.

BiMaua
Watu watatu hiyo lita 20 inajaa siku ngapi? Mbili, tatu? Na uwanjani kwa shemeji utamwaga wapi, chooni kwa shemeji? Utapita sebuleni na kaseti wageni wanakunywa chai? Kwa watu wanaokaa sehemu moja, choo kikavu ni bora. Kinachotenganisha mkojo na kile kingine. Harufu mbaya inakuja vikichanganyika. Mkojo unakwenda kwenye dumu lake, kigumu kinafunikwa na maranda au nyuzi za nazi, na kuna feni kidogo ya kutoa hewa nje.

Waya_Mwekundu
Bi Maua, hiyo ni ndoo yenye feni.

BiMaua
Ni ndoo yenye akili.

Mstaafu_Hesabu
Tumetoka kwenye mada. Suala la sheria hakuna aliyeligusa. Sehemu nyingi kitu chenye magurudumu kinahesabiwa chombo cha safari, na kukifanya makazi ya kudumu uwanjani kwa mtu hakuruhusiwi hata kama mwenye uwanja ni ndugu yako. Marekani waliweka kiambatisho cha nyumba ndogo kwenye kanuni zao za mfano za ujenzi toleo la 2018: nyumba isiyozidi futi za mraba 400, yaani kama mita za mraba 37, bila kuhesabu dari ya kulala. Lakini hiyo ni kwa nyumba iliyokaa juu ya msingi, na kila eneo linachagua kuikubali au la. Aende ofisi ya mipango miji aulize, apewe kwa maandishi.

FundiMbao
Nakazia. Na apate anwani. Shule ya mtoto itaitaka, bima itaitaka.

Jamaa_wa_Kontena
Mbona mnaliruka kontena? Lina chuma kigumu, halivutwi, halina matairi ya kuzeeka, linawekwa juu ya vitalu vinne siku moja. Bei yake huwa chini.

FundiMbao
Chini likiwa tupu. Ndani lina upana wa mita 2.35. Weka kihami joto cha sentimita tano kila upande na ubao juu yake, unabaki na mita 2.2 na kidogo, kama trela tu, ila huna dari ya kulala. Ukikata madirisha makubwa unaondoa mabati ya mikunjo yanayolikaza, lazima uchomelee fremu upya. Na sakafu za plaiwudi za makontena nyingi zilipakwa dawa ya wadudu kwa ajili ya safari za meli. Mtoto wa miaka minne anacheza chini. Hiyo sakafu ing'olewe au izibwe kabisa.

BiMaua
Na unyevu. Hili ni la zote tatu. Watu wakilala kwenye chumba kidogo kilichofungwa, asubuhi kioo kinatiririka. Gesi ndiyo inazidisha, kila kilo ya gesi ya kupikia inayoungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Mvuke ule unatafuta bati la baridi nyuma ya godoro. Nilikaa kwa mwanangu kwenye gari lake msimu wa mvua. Tuliinua godoro, chini yake kuna duara la kuvu jeusi lenye manyoya, umbo la mgongo wa mtu. Weka godoro juu ya chaga zenye nafasi, na feni ya paani iwashwe kila unapopika.

Gesi hiyo hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inakaa sakafuni, anakolala mtoto. Mtungi ukae kwenye kisanduku chenye tundu chini linalotoka nje. Na king'ora cha kaboni monoksidi nunua kabla ya pazia.

Mchovu_wa_Kodi
Nimeelewa. Kwa hiyo kwa watu watatu ni trela?

Waya_Mwekundu
Wangekuwa wawili wafupi ningekupigania.

Mstaafu_Hesabu
Ni kukodi moja kwanza. Karavani, mwezi mzima, mwezi wa mvua, wote watatu na kompyuta yako. Kodi ya mwezi mmoja ni bei ndogo ya kujua kama mke atakusemesha.

Kobe_Mzee
Sikubaliani. Karavani ya kukodi ukuta wake mwembamba, atachukia kitu ambacho si atakachonunua. Aende akalale kwenye ile ile inayouzwa. Muuzaji mwaminifu atamruhusu usiku mmoja.

FundiMbao
Na achukue tochi, aingie chini ya trela aangalie pembe za ekseli. Kutu ya juu juu si tatizo, ile inayobanduka kama maganda ndiyo ya kukimbia.

Kipanya
Mleta mada, uzito wa hiyo trela ni kiasi gani? Kurasa zote hizi hujasema.

Mchovu_wa_Kodi
Nimemwandikia muuzaji tangu jana. Amesoma, hajajibu.

Kobe_Mzee
Aha.

Mchovu_wa_Kodi
Wakati namsubiri, mke ameuliza kama kuna mtu humu aliwahi kuishi kwenye boti?

BiMaua
Hiyo fungua uzi wake. Na useme kabisa mko wangapi.